Shupaza Nne Sabato Ikiingia

Kama kuna siku Bathsheba Nyanchoka alipaswa kukaa mbali na karata, ilikuwa Ijumaa ile. Mwenyewe alijua. Tangu asubuhi, kwenye mashine ya simu pale posta ya Homa Bay, mikono yake haikumsikia. Aliunganisha watu vibaya mara tatu, na mwenye duka mmoja wa Migori akajikuta anamweleza padri bei ya sukari. Moyo ulimwambia kuna jambo linakuja, na moyo wake haukuwa na tabia ya kumsumbua bure.

Jumapili, siku mbili tu mbele, wazee wa mchumba wake Cephas wangetoka Sori kwenda Migori kumposa. Baba yake Bathsheba, Mzee Elkanah Bichage, mzee wa kanisa la Waadventista na mwenye mashine ya posho huko Migori, alikuwa njiani jioni ileile na pikapu yake kuja kumchukua. Wangefungua Sabato pamoja nyumbani kwa Mama Milka, muumini mwenzao aliyempangisha Bathsheba chumba. Wangesali kesho yake, na Jumamosi jua likishazama wangeondoka kwenda Migori kupokea wageni. Kila kitu kilikuwa kimepangwa. Lakini Ijumaa hiyohiyo, kuanzia saa nane mchana, ilikuwa pia siku ya mwisho ya mashindano ya bridge pale Klabu ya Ghuba, na Bathsheba na Cephas walikuwa wanaongoza.

Mzee Elkanah hakujua habari za karata. Angejua, mambo yasingefika Jumapili. Kaka yake Bathsheba aliwahi kukutwa na karata chini ya godoro, na mzee alizitia motoni moja moja, hamsini na mbili zote, huku kijana amesimamishwa pale atazame. Bathsheba alikuwa amejipa moyo kwamba bridge si kamari, hakuna anayeweka hata senti mezani. Hoja hiyo alijipa yeye mwenyewe. Kwa baba yake hakuthubutu kuipeleka.

Na kulikuwa na ile ahadi. Cephas alipofika Migori mara ya kwanza kujitambulisha, Mjaluo, Mkatoliki, karani wa kiwanda cha pamba, shangazi na wajomba walimpokea na nyuso ngumu. Kila mtu alingoja mzee aseme hapana. Mzee hakumuuliza habari za dini yake wala kabila lake. Alimuuliza jambo moja tu.

"Ijumaa jua likizama," alisema, "utamwacha binti yangu awe wa Mungu mpaka kesho yake jua lizame tena? Usimtume, usimwite, usimshike?"

"Nitamwacha, Mzee," Cephas alijibu.

"Ukishika hilo, mengine tutaongea."

Basi tangu siku ile Cephas alikuwa akimlindia Bathsheba Sabato yake kuliko yeye mwenyewe alivyoilinda. Ijumaa ikifika saa kumi na moja angemwambia, haya, Nyar Kisii, binti wa Kisii, nenda nyumbani. Bathsheba alikuwa akicheka na kumwita mchungaji. Mapenzi yana mzaha wake, na huo ulikuwa wao.

Mwaka ule, sitini na sita, klabu ilikuwa imebadilika. Wazungu wengi walikuwa wameuza vitu na kwenda zao, wakaacha meza, viti, na kabati la vibao vya bridge. Aliyeukamata mchezo usife ni Mama Filister, mjane wa karani wa mahakama, mwanamke mwenye miwani minene na kengele ndogo ya shaba. Ndiye aliyewafundisha walimu, makarani na wake zao, kila Jumanne saa kumi na moja jioni.

Mchezo wenyewe haukuwa mgumu kuuelewa, ulikuwa mgumu kuuweza. Wawili hucheza dhidi ya wawili. Kwanza kuna mnada: kila mtu kwa zamu yake hutaja aina ya karata, kopa, shupaza, uru au pau, anayotaka iwe turufu, yaani ya kuzishinda nyingine, na kiasi anachoahidi kula, au husema pasi. Mnada ukiisha, yule aliyeitaja kwanza hiyo turufu ndiye anayecheza. Mwenzake humwaga karata zake zote wazi mezani na kunyamaza. Huyo huitwa dami. Hasemi neno, hashiki kitu ila mwenzake akimwomba amsogezee karata, hukaa akitazama.

Lakini pale klabuni kulikuwa na jambo zaidi. Karata za kila mzunguko hazikuchanganywa upya. Zilirudishwa kwenye kibao chenye mifuko minne, kibao kikapelekwa meza ya pili, na wa meza ya pili wakazicheza karata zilezile. Mwisho matokeo yote yalilinganishwa. Hapo hakuna wa kusingizia bahati, kwa sababu aliyekushinda alishika vilevile ulivyoshika wewe. Kwa hiyo pia hakuna anayeruhusiwa kuondoka katikati. Wawili wakitoka, hesabu ya ukumbi mzima inaharibika.

Miezi mitatu ya kwanza Bathsheba na Cephas walikuwa wa mwisho kila wiki. Bathsheba alicheza kwa woga, akiuliza macho ya watu kabla ya kuweka karata. Mama Filister hakumhurumia. Alimkalisha Jumanne baada ya Jumanne, akamfundisha kuhesabu karata kumi na tatu za kila aina mpaka akahesabu usingizini, akamfundisha kusikiliza mnada na kujua nani anaficha nini. Siku moja alimwambia, "Wewe akili unayo. Unangoja mtu akupe ruhusa ya kuitumia." Bathsheba alilia usiku ule, na hakujua kama ni kwa uchungu au kwa furaha. Tangu hapo walianza kupanda.

Na mezani ndipo walipopendana kweli. Mnaweza kukaa saa nne mmetazamana, hamruhusiwi kusemezana wala kukonyezana, mnajuana kwa kimya tu. Alijua Cephas akiwa na karata nzuri hushusha pumzi. Alijua akiwa na mbaya huzipanga mara mbili. Alimpenda mpaka vidole vyake vya karani vyenye wino.

Sasa, Ijumaa ile, walipiga hesabu vizuri: wangemaliza saa kumi na moja na nusu. Jua la Homa Bay huzama saa kumi na mbili na dakika arobaini na kitu. Nafasi ilikuwepo tele. Lakini saa tisa mawingu meusi yalipanda kutoka ziwani, na saa tisa na nusu mvua ilianguka juu ya mabati ya klabu hata mtu hakuweza kumsikia wa meza yake mwenyewe. Mnada wa bridge ni maneno, na maneno yasiposikika hakuna mchezo. Mama Filister aligonga kengele, watu wakakaa kungoja. Walingoja saa nzima na zaidi. Bathsheba alisimama dirishani akitazama barabara ya Migori ikigeuka kuwa tope.

Mvua ilipopungua na meza zikaanza tena, saa ilikuwa imekwenda. Kabla ya mzunguko wa mwisho, wenye vibao vitatu, Cephas alimvuta pembeni karibu na kabati.

"Saa kumi na mbili na ishirini na tano," alimwambia. "Kibao kimoja tutakimaliza mapema. Viwili vitakuwa baada ya jua. Twende tu, Bathsheba. Nitamwambia Mama Filister unaumwa."

"Na tuharibu ya watu wote? Na Kisumu je?" Washindi wawili walikuwa wapelekwe kucheza Kisumu mwezi ujao. Katika maisha yake Bathsheba hakuwahi kuchaguliwa kwa lolote.

Cephas alifikiri, akipangusa wino usiotoka kidoleni. Kisha alisema, na alisema kwa nia njema, maskini, "Basi sikiliza. Jua likizama, wewe hutacheza. Utasema pasi tu. Chochote watakachotaja, mimi nitataja juu yake, hata kama sina kitu. Nitakuwa mchezaji na wewe utakuwa dami. Utaweka karata chini, basi. Kukaa si kucheza."

Bathsheba alitaka kucheka, akakuta kicheko hakiji. Alijua jibu la baba yake kwa hoja ya namna hiyo. Lakini alimpenda kijana huyu aliyekuwa akimtafutia njia ya kupita, akaitikia kwa kichwa.

Meza ya mwisho walikuwa na Mwalimu Ondieki, Mkisii mwenzake Bathsheba, na mkewe Roselyn, wachezaji wazuri kuliko wote pale. Kibao cha kwanza kilikwenda sare. Walipokuwa wakizitoa karata za kibao cha pili, Bathsheba aliitazama saa ya ukutani. Saa kumi na mbili na arobaini na tano. Nje mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu, hakuna aliyeona jua likienda. Limeenda tu.

Mpango wa Cephas ulifanya kazi. Alitaja kopa kwa nguvu, Bathsheba akasema pasi, wengine pia pasi, na Bathsheba akamwaga karata zake mezani na kuiweka mikono mapajani. Cephas alicheza peke yake, jasho likimtoka, akatimiza alichoahidi. Roselyn alimtania kwamba leo ana njaa. Bathsheba hakucheka. Alikaa pale amenyamaza akitazama karata zake zikichezwa na mtu mwingine, na alijisikia mwongo kuliko ambavyo angejisikia kama angecheza.

Kikabaki kibao kimoja.

Alizitoa karata zake mfukoni mwa kibao, akazipanga, na damu ikampanda usoni. Shupaza saba. Ree, mfalme na malkia wa shupaza, na nne nyingine nyuma yao. Mkono wa namna hiyo hakuwahi kuushika tangu aanze.

Mwalimu Ondieki alikuwa wa kwanza kunadi. Alikohoa kidogo. "Kopa nne."

Zamu ikaja kwa Bathsheba. Cephas alikuwa akimtazama, na macho yake yalikuwa yakimsihi. Alijua neno analolitaka: pasi. Akisema pasi, Cephas angetaja uru tano au upuuzi wowote, wangeanguka vibaya, Kisumu ingewapotea, lakini yeye angeweka karata chini na kukaa kimya, na ahadi ya Cephas kwa mzee ingekuwa haijavunjika. Akisema shupaza nne, ambazo hupita kopa nne, ni yeye wa kucheza, karata kwa karata, Sabato ikiwa imeingia.

Alifikiria nyumba ya Mama Milka, taa imewashwa, Biblia imefunguliwa. Pengine baba amekwama kwenye tope huko Rongo. Pengine hatajua kamwe. Alijichukia kwa kufikiri hivyo. Kama ni kosa, aliona, limeshatendeka. Lilitendeka dakika ile jua lilipozama yeye amekaa kwenye kiti hiki, na kujifanya hachezi hakukumfanya awe msafi. Zaidi ya hayo, na hili ndilo lililokuwa ndani kabisa, alizitaka karata zile. Zilikuwa zake.

"Shupaza nne," alisema.

Cephas alifumba macho. Pasi, pasi, pasi. Roselyn akaongoza kopa, na Cephas akazimwaga karata zake mezani. Shupaza mbili ndogo. Ree na mfalme wa uru. Zaidi ya hapo, hakuna kitu.

Kopa ya kwanza waliila wapinzani. Ya pili Bathsheba aliikata kwa turufu, akazitoa shupaza za wapinzani zote. Shupaza nne ni ahadi ya kula mara kumi katika kumi na tatu, sita za lazima na nne alizotaja. Saba za shupaza, mbili za uru, tisa. Ya kumi ingetoka wapi? Alikuwa na mfalme wa pau, lakini ree ya pau ilikuwa kwa mmoja wao. Kwa nani? Alianza kuhesabu kama alivyofundishwa, na ndipo hewa baridi ikaingia ukumbini. Mlango ulikuwa umefunguliwa.

Mzee Elkanah Bichage alisimama kizingitini, kofia mkononi, suruali imelowa tope mpaka magotini. Hakuingia. Bila shaka Mama Milka ndiye aliyemwelekeza. Alimtazama binti yake aliyeshika karata.

Watu wa meza za jirani walikuwa wamekwisha kumaliza, na mmoja mmoja walinyamaza. Cephas alimwona, akanyanyuka nusu, akakumbuka kwamba dami haruhusiwi kusema, akakaa tena. Bathsheba aliona yote hayo. Angeweza kuzitupa karata chini wakati ule, akimbie, apige magoti. Lakini angekuwa amevunja Sabato na kuharibu mchezo wa watu pia, na baba yake angekuwa ameshaona. Aliteremsha macho, akaweka uru ndogo.

"Uru, mfalme," alimwambia Cephas. Cephas akaiweka. "Pau ndogo."

Mwalimu Ondieki, aliyenadi kopa nne peke yake, ndiye angekuwa na ree, na zamu yake ilitangulia ya Bathsheba. Aliiweka mezani bila kupenda, na mfalme wa Bathsheba akasalimika mkononi. Kumi. Alizicheza zilizobaki hadi mwisho, machozi yakimdondokea mikononi, na baba yake hakuondoka mlangoni.

Ilipokwisha, Cephas aliruka. Alikwenda mpaka mbele ya mzee, akainamisha kichwa.

"Mzee, kosa ni langu. Mimi nilimshika. Nilimwambia akae mpaka mwisho."

Mzee Elkanah alimgeukia Bathsheba. Kwa binti yake kwa kawaida alisema Kikisii. Jioni ile alisema Kiswahili, ili Mjaluo asikie na ukumbi wote usikie.

"Bathsheba. Ni kweli asemayo huyu?"

Alikuwa na njia mbili na alizijua zote. Akinyamaza, lawama yote inabaki kwa Cephas, na uchumba unaishia pale mlangoni. Akisema, anajifunga mwenyewe.

"Si kweli, Baba," alisema. "Yeye alitaka twende nyumbani. Nilipokataa alitaka nikae tu, nisiguse. Mimi ndiye niliyetaja. Mimi ndiye niliyecheza."

"Ulijua saa?"

"Nilijua."

"Hizo karata umeanza lini?"

"Mwaka sasa, Baba."

Mzee aliizungusha kofia yake mikononi. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Bathsheba kuliko hasira. Angemfokea angejua pa kusimama. Mzee alimgeukia Cephas na kumwambia kwa upole kwamba yeye basi ameshika neno lake kadiri alivyoweza, kwamba hakujua kijana wa kanisa jingine angejitahidi kiasi hicho.

"Na mimi nitashika langu," alisema. "Jumapili wazee wako waje. Viti vitakuwepo, chakula kitakuwepo. Nitakupa huyu."

Cephas aligeuka kumtazama Bathsheba, uso umefunguka kwa furaha. Bathsheba mwenyewe alishika ukingo wa meza. Alitaka kuamini.

"Lakini ng'ombe wa mahari msilete," mzee aliendelea. "Sitapokea ng'ombe. Hata mmoja."

"Mzee?"

"Mtu hupokea ng'ombe kwa mtoto wake. Huyu nilidhani namjua. Mwaka mzima amekuwa mtu mwingine na mimi sina habari. Siwezi kupokea ng'ombe wa mtu nisiyemjua. Mchukueni bure."

Mwalimu Ondieki, aliyekuwa akiandika matokeo, aliweka kalamu chini. Yeye alielewa mara moja, na Roselyn alielewa, na kila aliyezaliwa pande zile alielewa. Mwanamke asiyetolewa ng'ombe hana kwao na hana kwake. Akigombana na mumewe hana pa kurudi. Akizaa, watoto wanaulizwa ni wa nani. Akifa, ukoo huu na ukoo ule husimama kando ya maiti wakitazamana. Wazazi hulia wakikosa ng'ombe wa kudai. Baba wa kuwakataa hakuna aliyewahi kumwona.

"Baba," Bathsheba alisema. "Baba, nipige. Nitenge kanisani. Usinifanyie hivyo."

"Sabato imeingia," mzee alisema. "Sipigi mtu, sigombi na mtu. Nakwenda kusali." Alivaa kofia. Akawaaga watu wa ukumbini mmoja mmoja kwa heshima, Mama Filister, Mwalimu, Roselyn, akawatakia Sabato njema. Mzee alimtakia Bathsheba hivyo hivyo, kwa sauti ileile, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akatoka kwenye manyunyu.

Mama Filister alisoma matokeo kwa sauti ndogo, kwa kuwa ilibidi yasomwe. Wa kwanza walikuwa Bathsheba na Cephas. Katika kibao cha mwisho meza nyingine zote zilikuwa zimeachia kopa nne zipite. Hakuna aliyepiga makofi.

Walitoka barazani wakasimama. Taa za pikapu ya mzee zilikuwa zikiteremka polepole kuelekea kwa Mama Milka. Cephas alimshika mkono, akaanza kuzungumza haraka haraka: kwamba baba yake atapoa, kwamba wazee huwa wanasema, kwamba hata bila ng'ombe yeye anampenda na atampenda, nani anajali ng'ombe siku hizi. Bathsheba alimsikiliza. Alijua sauti ile. Alikaa naye uso kwa uso mwaka mzima akijifunza kujua anachoshika.

"Cephas," alimkatiza. "Mama yako amewahi kukaribisha mke wa bure pale Sori? Wajomba zako wamewahi?"

Cephas akarudia kwamba mzee atapoa.

"Niambie tu. Wazee wako watakuja Jumapili?"

Mvua ilianza tena juu ya mabati, taratibu. Cephas alitazama barabara, akaubana mkono wa Bathsheba mpaka ukamuuma.

"Nitakuja mimi," alisema.

Bathsheba alikuwa ameuliza habari za wazee.